Mtaa Uliorudisha Vitu

Kazi aliyopewa Mama Herufi wiki ile ilikuwa rahisi kuieleza: avae hedifoni, awasikilize watu arobaini na mmoja walionusurika, aandike walichosema neno kwa neno. Alikuwa mchapaji wa shirika la misaada lililopanga ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na jina lile alilipata siku aliyomrudishia Mratibu barua yake kabla haijatoka. Mratibu, mkuu wa ofisi, alikuwa ameandika "unga utakaowafia wananchi" akikusudia "utakaowafaa". Ofisi nzima ilicheka mpaka chai ikapoa. Tangu hapo hakuna karatasi iliyotoka pale bila kupita mbele ya macho yake.

Wale arobaini na mmoja walikuwa wa mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Miaka mitatu nyuma mji ule uliungua kwa siku mbili. Watu wa Juu na watu wa Bondeni, waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na kuozeshana, walivamiana asubuhi moja, na shirika lilipofika na mahema lilikuta mitaa mitatu ni majivu. Sasa wafadhili walitaka ripoti. Tumejifunza nini? Akaletwa mtathmini kutoka nje, mwanamke mwenye mvi nyingi, aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kukizungumza polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Yeye ndiye angeandika ripoti. Mama Herufi angempa maneno.

"Usirekebishe chochote," Mtathmini alimwambia. "Mtu akikohoa, andika amekohoa."

Basi akaandika. Watu walikohoa, walilia, walinyamaza hadi akadhani mashine imekufa. Lakini kazi yote ilizunguka swali moja: kabla ya siku ile, uliona dalili gani? Na kila mtu alijibu vile vile. Hakuna. Bei sokoni zilikuwa zile zile. Hakukuwa na mikutano, wala vipeperushi, wala vijana wageni. Kulikuwa kimya tu. Kisha ilisikika sauti ya muulizaji, "Asante, tuendelee," na karatasi ikigeuzwa.

Siku ya tatu alifika kwa mtu wa kumi na moja, mwanamke mwenye sauti nzito kama ana mafua yasiyopona. "Hakuna nilichoona," alisema. "Jumatatu ile jirani alinirudishia ngazi yangu, tukaagana, basi."

"Asante, tuendelee."

Mama Herufi aliandika, akaendelea. Halafu vidole vikasimama vyenyewe. Ngazi. Jana si kuna mtu alisema sufuria? Akarudi nyuma kwenye kurasa zake. Mtu wa nne: nililetewa sufuria langu kubwa, limesuguliwa linang'aa. Mtu wa saba: fundi wa kando alileta msumeno, nilishausahau. Mtu wa tisa: beseni. Akaendelea kusikiliza, safari hii akiwa ameweka karatasi ya pembeni, na siku ya sita, alipomaliza watu wote, alikuwa amepiga mistari kumi na saba. Kumi na saba, wasiojuana, waliohojiwa kwa nyakati tofauti, na kila mmoja katika siku zile za mwisho alipigiwa hodi mchana na jirani aliyebeba kitu mikononi. Hakuna aliyekuwa amekidai. Vyote vilikuwa vimeoshwa. Na wengi walitumia maneno yanayokaribiana sana: alishukuru mno, hakunitazama machoni.

Akavua hedifoni. Huko chini wauza rangi walikuwa wakigonga makopo. Alihisi ubaridi ukimpanda mgongoni, akajiambia ni feni, kisha akaona feni haizunguki.

Nyumbani alifika saa kumi alasiri. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa yake na mama mkwe wake, bibi wa maneno mengi na meno ya kununua. Siku ile bibi alikuwa ameketi sebuleni, na juu ya meza palikuwa na ungo.

"Leo watu wamekuwa malaika, mwanangu," alisema. "Mama Pacha kaleta ungo wangu. Ungo huu! Mimi nilishauzika zamani."

Mama Herufi alibaki mlangoni na mkoba begani. Ungo ulikuwa umeoshwa mpaka nyuzi za ukindu zimerudi kuwa nyeupe.

"Ulimwomba, mama?"

"Nimwombe kitu cha miaka miwili? Si nimekwambia nilishauzika?"

"Alisema nini?"

"Alishukuru huyo, alishukuru, mpaka nikaona haya mimi. Lakini ana lake jambo. Muda wote macho chini, utafikiri kaangusha sindano."

Mama Pacha alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Hata mji huu ulikuwa na watu wa Juu na wa Bondeni: yeye alikuwa wa Juu, wao walikuwa wa Bondeni. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kuwa jambo. Mabinti zake pacha walijifunza kutembea kwa kushika miguu ya kiti cha bibi, na mtu akikaanga kitunguu upande huu, upande wa pili waliuliza kupitia ukutani mnakula saa ngapi.

Mama Herufi akaweka mkoba chini, akatoka barazani.

Mtaa ulikuwa na watu, jua lilikuwa bado kali, redio ya mtu ilikuwa ikicheza muziki wa mapenzi. Ukiutazama juu juu usingeona kitu. Lakini mwanamume mmoja alipita akisukuma toroli tupu, limeoshwa, gurudumu limetiwa grisi halilii. Msichana akavuka na mwavuli uliokunjwa, ameubeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kwa mchomelea vyuma, mzee alikuwa akikabidhi pasi iliyofungwa waya wake vizuri. Walisalimiana wote, tena kwa adabu nyingi, maneno yote ya salamu bila kuruka hata moja. Hakuna aliyemtania mwenzake. Kila mlango ulifunguliwa, ukapokea, ukafungwa taratibu. Na ng'ambo, nyumba ya fundi redio ilikuwa na kufuli jipya, na dirishani hapakuwa na pazia.

Usiku ule alilala macho, na asubuhi alifika ofisini kabla ya mfagiaji.

Mratibu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. "Mama Herufi," alisema, "fomu yetu ya tahadhari ina viashiria ishirini na vinne. Bei za vyakula, mikutano ya siri, silaha, matusi redioni. Jana vyote vilikuwa kijani. Ungo haumo."

"Kule pia vilikuwa kijani, bosi. Mpaka jana yake."

Mtathmini hakucheka. Aliomba kurasa za wale watu kumi na saba, akazisoma amesimama, moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza moja aliiweka mezani kifudifudi. "Nimefanya kazi hii nchi sita," alisema hatimaye. "Kila mahali tuliuliza kama watu wana silaha. Hatukuuliza kama watu wamerudishiana ngazi." Akamgeukia Mratibu. "Tukipeleka taarifa makao makuu leo?"

"Watajibu baada ya wiki tatu. Wakikimbia sana, mbili."

"Kule kulikoungua," Mtathmini alimuuliza Mama Herufi, "kuna mtaa ulipona?"

Hakuhitaji kutazama karatasi. "Mtu wa ishirini na tisa. Mshona magodoro. Anasema ilikuwa bahati tu. Mke wake ni mgomvi. Jirani alimletea chujio lake, akakataa kulipokea, wakagombana mlangoni mpaka mtaa mzima ukajaa. Muulizaji akasema tuendelee."

Mtathmini alivua miwani. "Nenda nyumbani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi kuna kitu nataka kukitafuta kwenye mafaili ya zamani."

Saa tano na nusu Mama Herufi alisimama mbele ya mlango wa Mama Pacha, ungo mkononi. Alipiga hodi mara tatu kabla ya kusikia karibu. Akasukuma mlango. Ukutani, pale zilipokuwa picha za familia, palibaki miraba myeupe tupu. Vitanda vilikuwa vimekunjwa matandiko. Na wale pacha, watoto wa miaka sita ambao kelele zao zilikuwa saa ya mtaa, walikuwa wamekaa kwenye benchi wamevaa viatu, kila mmoja na mkoba mapajani, kimya kama maji ya mtungini. Walimtazama pamoja, wakaacha kumtazama pamoja.

"Ungo wako huu," alisema Mama Herufi.

"Ni wenu, dada. Nilirudisha jana."

"Hatuutaki."

"Mbona ni wenu?"

"Hatuutaki, nimesema. Nitazame, Mama Pacha. Nani kakwambia urudishe?"

"Hakuna mtu."

"Usinifanye mtoto. Nani?"

Mama Pacha alitazama sakafu. Mama Herufi hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Kwa miaka kumi na miwili ya mtaa ule hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Alitoka mlangoni kinyumenyume mpaka jua lilipompiga kichwani, akapiga moyo konde, akaanza.

"Jamani njooni mwone! Jirani yangu ananifukuza! Ananiletea kitu sikukidai! Nimemkosea nini mimi? Njooni aseme mbele yenu!"

Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Milango ilifunguka kidogo kidogo. Akatoka mchomelea vyuma na miwani yake ya kazi utosini, akatoka mwenye toroli, wakatoka wanawake wenye povu mikononi, na mama mkwe wake mwenyewe akiwa na kiatu kimoja. Hawakuja karibu. Walisimama mbali mbali, watu wa Juu upande mmoja, watu wa Bondeni upande wa pili, na ndipo alipoona kwamba wamejigawa bila kuambiwa.

"Sema," alimwambia Mama Pacha.

"Niseme nini?" Mama Pacha alitoka sasa, machozi yakimtiririka, naye akapaza sauti. "Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye unayefanya kazi kule? Walikuja watu wenu na karatasi. Wakaniuliza, 'Endapo majirani zenu wa Bondeni watawashambulia, mtakimbilia wapi, na mtabeba nini?' Nikauliza, kwani wanataka kutushambulia? Akasema ni swali tu, mama, jibu. Swali tu! Mtu anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nitakimbilia wapi, halafu ni swali tu! Nikasema sawa, Mama Herufi anajua, atanigongea ukuta aniambie. Siku ishirini nakaa nasikiliza ukuta ule. Hukugonga. Nikajua basi lipo, na wewe umo. Sikutaka kuondoka na kitu cha mtu."

"Sisi walituuliza hivyo hivyo," alisema mchomelea vyuma, taratibu, kama mtu anayehesabu. "Ila waliuliza wakija wa Juu."

"Hata mimi," mama mkwe alidakia. "Nilimjibu nitabeba meno yangu tu. Sikukwambia, mwanangu. Nilidhani unajua. Shirika si lenu?"

Siku nyingine wangecheka.

Mama Herufi alilijua swali lile. Swali la ishirini na mbili. Fomu ya Maandalizi ya Dharura, nakala elfu mbili. Aliichapa yeye. Alikumbuka hata kwamba swali lile lilimfikia bila mkato kabla ya "na mtabeba nini", akautia mkato mahali pake, akaridhika, akageuza ukurasa. Herufi zote zilikuwa sahihi.

"Ni mimi niliyeliandika," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Swali lile nimeliandika mimi. Hakuna mtu aliyepanga kuja. Hakuna anayejua chochote. Walitaka kujua waagize mahema mangapi."

Watu walimtazama. Hakuweza kujua kama wamemwamini. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Mtathmini, na hakusubiri salamu.

"Nimeipata," alisema. "Fomu ile ile, mji ule. Waliwauliza siku ishirini kabla ya moto."

Mratibu alipoambiwa kwamba inabidi aje asimame mtaani, alikataa kwanza. "Nikisema ni sisi, nimelizika shirika kwa mikono yangu," alisema. "Basi tulizike," alijibu Mtathmini, akachukua mkoba wake. Saa tisa alasiri walikuwa mbele ya kibanda cha mchomelea vyuma, na Mratibu aliwaambia watu kwamba swali lilikuwa la shirika, kwamba lilikuwa kosa, kwamba hakuna taarifa yoyote ya mtu kumvamia mtu. Aliomba radhi. Aliiomba vibaya, kwa maneno ya ofisini, lakini aliiomba.

Mchomelea vyuma aliinua mkono. "Na kule kulikoungua. Mliwauliza hivi hivi?"

Mratibu alimtazama Mtathmini.

"Ndiyo," Mtathmini alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Redio ya mtu ilizimwa. Watu zaidi ya mia walisimama juani, wakiwatazama wale wawili bila kupepesa, na ule ukimya ukakaa pale pale, ukakaa sana. Mama Herufi alikuwa amesikiliza vilio vya watu arobaini na mmoja wiki ile, na hakuna kilichomtisha kama dakika zile. Kisha mwanamke mmoja wa Bondeni akavuka upande, akaenda kwa mwenye toroli, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho nitalihitaji lile toroli lako." Ikawa kama mtu ameachia pumzi.

Walizunguka mitaa kwa siku tatu, Mratibu akisema maneno yale yale na kuyasema vizuri zaidi kila siku. Hawakufika kote kwa wakati. Mtaa wa mwisho kule juu, asubuhi ya siku ya nne kabla hawajafika, vibanda viwili vilichomwa na kinyozi mmoja akakatwa panga begani. Alipona, lakini mkono hauinuki tena. Familia ya fundi redio haikurudi. Mama Herufi aliitafuta fomu yao akaipata: watu sita, upande wa kaskazini, cherehani na redio moja. Alipiga simu kila ofisi ya shirika upande wa kaskazini. Hakuna aliyewaona.

Mama Pacha alirudisha picha ukutani. Mabinti walilala na viatu kwa mwezi mzima. Na yeye na Mama Herufi hawakuwa tena kama zamani, si mara moja. Walisalimiana, wakasaidiana, lakini kulikuwa na kitu kati yao kilichokaa kama mgonjwa chumbani, ambaye watu hupunguza sauti kwa ajili yake. Siku moja tu, miezi baadaye, Mama Pacha aligonga ukuta na kuuliza mnakula saa ngapi. Mama Herufi alijibu, akaingia chumbani kulia.

Ripoti iliandikwa. Makao makuu walijibu haraka safari hii: walitaka pale palipoandikwa "maswali yetu yalizua hofu" pasomeke "huenda mazingira ya jumla yalichangia wasiwasi". Mtathmini alikataa, wakavutana, mwisho sura ile ikawekwa nyuma kabisa, baada ya majedwali. Viashiria vikaongezwa kutoka ishirini na vinne hadi ishirini na vitano, cha mwisho kikiwa "kurejeshwa kwa vyombo vya nyumbani". Na ilipokuja fomu mpya ya mji mwingine, na swali la ishirini na mbili limo ndani, Mama Herufi alimrudishia Mratibu bila kuichapa. Mratibu hakuuliza. Alilifuta swali kwa kalamu ya kuazima.

Kisha Mtathmini akasema kuna safari moja imebaki.

Waliondoka alfajiri wakafika mji ulioungua saa sita mchana. Nyumba nyingi zilikuwa mpya, za bati linalong'aa, zimepangwa safu kwa safu, na kati yake viwanja vitupu ambavyo watu walivipita wakizunguka, hawakatishi ndani yake. Katika ukumbi wa shule walikuwa wamekaa watu thelathini na kitu kwenye madawati. Mama Herufi aliwajua wote na hakumjua hata mmoja. Mwanamke mnene wa mbele alipomwambia "karibu mwanangu" kwa sauti ile nzito, ya mafua yasiyopona, alimtambua papo hapo: mtu wa kumi na moja.

Aliwasomea mwenyewe ile sura ya nyuma. Alisoma polepole, bila kuruka. Alipofika kwenye fomu, na swali, na siku ishirini, alisimama akangoja. Alitegemea kilio, au matusi.

"Tulijua," alisema mwanamke wa sauti nzito. "Sisi tulijua zamani kwamba ni ile karatasi. Tuliwaambia waliokuja na mahema."

"Wakasemaje?" aliuliza Mtathmini.

"Asante, tuendelee."

Mtathmini alikuwa ameweka kinasa sauti mezani, kwa mazoea, taa yake nyekundu ikiwaka. Mwanamke alikitazama.

"Kizimeni hicho."

Kikazimwa.

"Yule jirani yangu aliyeleta ngazi," alisema, "hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza alikwenda wapi."

"Alikwenda wapi, mama?" aliuliza Mama Herufi.

Mwanamke akasogea kwenye dawati akamwachia nafasi. Mama Herufi akakaa. Maelezo yale yalichukua mchana wote, jua likihama kutoka madirisha ya upande huu hadi ya upande ule, watu wengine wakiongeza na kubishana na kusahihishana, na Mama Herufi hakuandika hata neno moja.